Kaskazi, Kusi na seli tupu: jinsi safu mpya inavyotungwa kwa masharti

Daftari la diko, pale samaki wanaposhushwa na kuuzwa, lina mambo machache: tarehe, jina la samaki, kilo, bei ya kilo moja na aliyenunua. Katibu wa kikundi cha wavuvi, tuseme huko Likoni, akilihamishia kwenye kompyuta anapata jedwali la safu tano na mistari mia kadhaa, na papo hapo maswali yanaanza. Wanachama wanataka kujua kama Kusi, msimu wa pepo za katikati ya mwaka, iliwapunguzia mapato kweli au ni maneno ya barazani tu. Mweka hazina anataka kujua mizigo mikubwa iliishia kwa matajiri wanaonunua kwa jumla au kwa mama karanga wanaokaanga samaki na kuuza. Hakuna safu hata moja yenye jibu. Popote daftarini hapakuandikwa "Kusi" wala "mzigo mkubwa". Kuna tarehe na kuna kilo, basi.

Kinachotakiwa ni safu mpya inayotokana na zile za zamani kwa masharti. Unaiambia kompyuta ipite mstari baada ya mstari: tarehe ikiwa ya miezi hii, andika Kaskazi, ikiwa ya miezi ile, andika Kusi, vinginevyo, andika Malelezi, yaani kipindi pepo zinapogeuka. Jedwali likishapata safu hiyo, kujumlisha mapato ya kila msimu ni kazi ya dakika chache.

Kuandika fomula yenyewe si kazi ngumu. Aliyezoea Excel hujifunza kwa mchana mmoja. Ugumu uko kwingine: sharti likikosewa, mara nyingi kompyuta hailalamiki. Hujaza kila seli bila onyo lolote, na jedwali likapendeza macho huku limewapanga watu mahali pasipo pao. Kwa hiyo sehemu kubwa ya maelezo haya inahusu yale yanayoharibika kimya kimya.

Umbo la fomula

Katika programu yoyote, safu ya masharti ina vitu vitatu: swali linalojibika kwa ndiyo au siyo, neno la kuandika jibu likiwa ndiyo, na neno la kuandika likiwa siyo. Kilo zikiwa kwenye safu ya C, Excel na Google Sheets zitaandikiwa hivi:

=IF(C2>=20,"mkubwa","mdogo")

Kwenye hifadhidata za SQL, ambako tamko la CASE liliingizwa katika kanuni rasmi ya mwaka 1992, ni hivi:

CASE WHEN kilo >= 20 THEN 'mkubwa' ELSE 'mdogo' END

Anayetumia lugha ya Python pamoja na maktaba za pandas na NumPy ataandika:

df["mzigo"] = np.where(df["kilo"] >= 20, "mkubwa", "mdogo")

Makundi yakizidi mawili, swali la pili huwekwa mahali pa jibu la "siyo" la swali la kwanza:

=IF(C2<5,"mdogo",IF(C2<20,"wa kati","mkubwa"))

Excel huruhusu IF kuingia ndani ya IF hadi ngazi 64, lakini ukifika ya tano au ya sita, mabano yanakuwa mengi hata wewe mwenyewe ukirudi baada ya mwezi huwezi kuisoma fomula yako. Tangu Excel 2019 kuna IFS, ambayo hupanga masharti na majibu yake kwa mfululizo bila kufungiana ndani kwa ndani. SQL huongeza WHEN nyingine tu, na lugha ya takwimu ya R, kwa kifurushi cha dplyr, ina case_when kwa kazi hiyohiyo.

Zote hizi zina tabia moja ya kukumbuka. Matawi husomwa kuanzia la kwanza, na tawi la kwanza linalokubali ndilo linalouchukua mstari. Yaliyobaki hayaulizwi tena. Sasa geuza mpangilio wa fomula ile:

=IF(C2<20,"wa kati",IF(C2<5,"mdogo","mkubwa"))

Mzigo wa kilo 3 ukifika hapa, swali la kwanza ni kama uko chini ya 20. Uko chini, basi unaandikwa "wa kati" na safari yake inaishia hapo. Tawi la "mdogo" lipo limeandikwa vizuri, lakini hakuna mstari utakaolifikia milele. Fomula haina kosa la kisarufi hata moja, na kompyuta haina sababu ya kuikataa.

Kuna pia suala la mpaka. Mzigo wa kilo 20 barabara ni wa kati au ni mkubwa? Wengi huliona swali hili kuwa dogo kwa kudhani ni nadra kilo kuangukia hapohapo. Kwenye diko si nadra hata kidogo. Karani akiandika haraka mbele ya watu wanaosubiri zamu ya mizani, kilo 19.8 zinakuwa 20, na kilo 4.9 zinakuwa 5. Namba zilizokatwa hivyo hurundikana palepale penye mipaka, kwa hiyo tofauti ya alama ya > na ya >= inaweza kuhamisha mizigo mingi kwa pigo moja. Swali hilo lisiamuliwe na anayeandika fomula peke yake. Kikundi kikae kikubaliane, kisha fomula ifuate.

Miezi inayovuka mwaka

Mfano wa msimu nimeuchagua kwa makusudi, maana ndani yake mna mtego ambao haumo katika mifano mingi ya vitabu. Kaskazi huvuma takriban mwishoni mwa mwaka mpaka Machi, Kusi ikashika katikati ya mwaka, na baina yake kuna malelezi, pepo zinapogeuka. Mipaka yake hasa hubadilika mwaka hadi mwaka, na nahodha mzee ataijua kwa kutazama bahari, hatahitaji kalenda. Jedwali halioni bahari, kwa hiyo tulipe kanuni: Kaskazi ni Desemba hadi Machi, Kusi ni Mei hadi Septemba, miezi inayobaki ni Malelezi.

Mtu anayefikiri "kuanzia mwezi wa 12 hadi wa 3" ataandika:

=IF(AND(MONTH(A2)>=12,MONTH(A2)<=3),"Kaskazi",IF(AND(MONTH(A2)>=5,MONTH(A2)<=9),"Kusi","Malelezi"))

Isome polepole. AND inadai masharti yote mawili yatimie kwa wakati mmoja. Ni mwezi gani ambao namba yake ni 12 au zaidi, na papo hapo ni 3 au pungufu? Hakuna. Siku zote za Kaskazi zitateleza mpaka tawi la mwisho na kuandikwa "Malelezi", na ripoti itaonyesha kwamba wavuvi hupata pato lao kubwa pepo zikiwa zinageuka. Mtu asiyejua bahari ataiamini. Panapofaa ni OR:

=IF(OR(MONTH(A2)=12,MONTH(A2)<=3),"Kaskazi",IF(AND(MONTH(A2)>=5,MONTH(A2)<=9),"Kusi","Malelezi"))

Kipimo cha Kusi kinakubali AND kwa sababu miezi yake haivuki mwaka. Kipimo cha Kaskazi kinavuka, na kwa namba kimekatika vipande viwili: mwezi wa 12 upande mmoja, wa 1 hadi wa 3 upande mwingine. Tatizo hili utalikuta pia kwenye zamu za usiku, kwa mlinzi anayeingia jioni na kutoka alfajiri, na kwenye mwaka wa fedha unaoanza Julai.

AND na OR zikichanganyika kwenye SQL bila mabano, AND hutangulia kufungwa. Ukiandika samaki = 'pweza' OR samaki = 'ngisi' AND kilo > 20 ukidhani unachagua pweza na ngisi waliozidi kilo 20, utapata pweza wote, hata wa kilo moja, pamoja na ngisi waliozidi 20. Weka mabano kila mara zinapokutana, hata pale unapojua hayahitajiki. Atakayesoma baada yako hatalazimika kubahatisha.

Na usiandike =IF(5<=C2<20,"wa kati","si wa kati") kama tulivyozoea kwenye hisabati ya shule. Excel huanza na 5<=C2, ikapata TRUE au FALSE, kisha ikalinganisha jibu hilo na 20. Kwenye mpangilio wa Excel, TRUE na FALSE huhesabiwa kuwa kubwa kuliko namba yoyote, kwa hiyo kipimo chote hutoa FALSE siku zote. Safu nzima itajaa "si wa kati".

Pasipoandikwa kitu

Hapa ndipo penye madhara makubwa kuliko yote, na ningependa msomaji asipapite haraka.

Siku ya mvua, karani amesahau kuandika kilo za mvuvi mmoja. Seli ya C ni tupu. Fomula yetu ya mdogo, wa kati na mkubwa itasema nini?

Kwenye Excel, seli tupu ikilinganishwa na namba huhesabiwa kuwa sifuri. Sifuri ni chini ya 5, kwa hiyo ataandikwa "mdogo". Kwenye SQL, pasipo na thamani pana NULL, na kulinganisha NULL na namba hakuleti ndiyo wala siyo, huleta "haijulikani". WHEN hukubali ndiyo peke yake, kwa hiyo mstari unapita matawi yote na kuangukia ELSE: "mkubwa". Kwenye pandas, thamani inayokosekana ikiulizwa kama ni chini ya namba fulani kwa kawaida hutoa siyo, na mstari unaishia palepale kwenye "mkubwa". R, kwa ifelse yake ya kawaida, huacha jibu likiwa halipo, lakini ukitumia case_when yenye tawi la mwisho la kukusanya waliobaki, utamkuta huko mwisho pamoja na mizigo mikubwa.

Mvuvi ni mmoja, siku ni moja na kanuni ni moja. Programu moja imemwita mdogo, nyingine imemwita mkubwa, na hakuna hata moja iliyojua alileta nini. Kama kikundi hutoza ushuru kwa ukubwa wa mzigo, mtu huyo atadaiwa kwa kitu ambacho hakikuandikwa popote.

Tarehe ina kioja chake. Excel ikiulizwa MONTH ya seli tupu hujibu 1, kwa sababu sifuri kwenye hesabu yake ya siku iko mwanzoni mwa Januari 1900. Google Sheets hujibu 12, maana hesabu yake inaanzia tarehe 30 Desemba 1899. Kwa kanuni yetu ya misimu, miezi yote miwili ni Kaskazi. Kila mstari uliokosa tarehe utahesabiwa kwenye Kaskazi, na kadiri karani anavyosahau ndivyo Kaskazi inavyozidi kuonekana imejaa neema.

Dawa ni kulitanguliza swali la kuwepo kabla ya swali la ukubwa. Kwa kilo ningependelea hivi:

=IF(ISNUMBER(C2),IF(C2<5,"mdogo",IF(C2<20,"wa kati","mkubwa")),"kagua")

Kwa tarehe, anza na =IF(A2="","kagua", kisha endelea na fomula ya msimu. Kwenye SQL tawi la kwanza liwe WHEN kilo IS NULL THEN 'kagua'. Usiandike kilo = NULL, kwa sababu jibu lake ni "haijulikani" hata pale seli ilipo tupu kweli, na tawi hilo halitafunguka kamwe.

Neno "kagua" ninalisisitiza kwa sababu tawi la mwisho, lile la "vinginevyo", hupewa mzigo usio wake. Watu huliwekea kundi halisi, mathalani "mkubwa" au "Malelezi", na kila kilichokosewa kikateremka humo kikachanganyika na walio halali. Makundi yote yakiwa na masharti yaliyotajwa waziwazi, na "vinginevyo" ikabakizwa kwa ajili ya "kagua" peke yake, makosa hujikusanya mahali pamoja unapoweza kuyaona na kuyahesabu. Kuliacha tawi hilo bila kuliandika kabisa hakusaidii sana: IF ya Excel itakuandikia FALSE, IFS itatoa #N/A, na CASE itarudisha NULL.

Namba ambazo si namba

ISNUMBER kwenye fomula ile, inayouliza kama seli ina namba, ina kazi ya pili. Karani wengi huandika bei kama tulivyozoea dukani: 350/=. Kwa jicho la mtu hiyo ni bei. Kwa Excel ni maandishi, na maandishi yakilinganishwa na namba, Excel huyahesabu kuwa makubwa kuliko namba yoyote. Fomula ya =IF(D2>300,"ghali","nafuu") itasema 350/= ni ghali, nawe utatikisa kichwa ukubali. Itasema vilevile kwamba 90/= ni ghali. Kwa kuwa baadhi ya majibu yanaangukia kwenye ukweli, kosa hili hukaa muda mrefu bila kugunduliwa. Ondoa alama hizo kwanza, ubaki na tarakimu, ndipo uandike masharti.

Tarehe za kuandikwa kwa mkono zina hatari inayofanana. Kompyuta iliyopangwa kwa mtindo wa Marekani hutanguliza mwezi. Ukiiandikia 5/1/2024 ukimaanisha tarehe tano Januari, itaelewa tarehe mosi Mei, na siku ya Kaskazi ikahamia Kusi. Ukiandika 25/5/2024 itashindwa, maana hakuna mwezi wa 25, itayaacha kama maandishi, na MONTH itatoa #VALUE!. Hilo la pili ni afadhali sana, kwa kuwa linaonekana. Tarehe zinazopita kimya ni zile za siku ya 1 hadi ya 12. Kwa hiyo ukiona #VALUE! imetapakaa kwenye safu ya msimu, usisahihishe mistari hiyo tu. Ile isiyolalamika huenda nayo imegeuzwa.

Majina ya samaki ni rahisi zaidi. Excel haijali herufi kubwa na ndogo ikilinganisha kwa alama ya =, Python inajali. Nafasi iliyobaki mwishoni mwa neno, "changu " badala ya "changu", huyafanya kuwa majina mawili katika zote mbili. TRIM huiondoa.

Ila kama unachotaka ni kuweka kila samaki kwenye kundi lake, changu, tafi na pono huku, nguru, kolekole na jodari kule, pweza na ngisi pembeni, IF si chombo chake. Tengeneza jedwali dogo pembeni, jina upande wa kushoto na kundi upande wa kulia, kisha VLOOKUP ilisome. Hakikisha neno la mwisho ndani ya VLOOKUP ni FALSE. Ukiliacha, Excel huchukua jina linalokaribia, na nguru anaweza kupewa kundi la jirani yake kwenye orodha. Jina jipya likija, mtu yeyote kikundini anaweza kuongeza mstari kwenye jedwali dogo bila kugusa fomula. Jina lisilopatikana hutoa #N/A, na nashauri liachwe hivyo. Wapo wanaolifunika kwa IFERROR ili liandike "mengineyo", na jedwali likawa safi, lakini wamejinyima habari kwamba kuna samaki ambaye hawakumpanga.

Kuikagua kabla ya kuiamini

Kagua kwa njia mbili zisizochukua muda. Ya kwanza ni kuhesabu kila kundi kwa COUNTIF na kujumlisha. Jumla ilingane na idadi ya mistari, na kundi lolote lenye sifuri liulizwe kwa nini. Fomula ile ya Kaskazi yenye AND ingenaswa hapa mara moja, kwa maana "Kaskazi" ingesoma 0.

Ya pili huonyesha mengi zaidi. Kwa kila kundi tafuta thamani ndogo na kubwa ya safu ya asili, kwa MINIFS na MAXIFS au kwa jedwali egemeo (pivot table). "Wa kati" iwe na kilo kuanzia 5 hadi chini kidogo ya 20. Ukikuta ndani yake kilo 20 kamili, mpaka wako hauko ulipodhani. Ukikuta kilo 3, mpangilio wa matawi umegeuka. Kwa tarehe fanya vivyo hivyo na namba ya mwezi.

Kabla ya hapo, mwishoni mwa jedwali ongeza mistari ya majaribio uliyoitunga mwenyewe: kilo 5, kilo 20, kilo 4.9, seli tupu, namba yenye /=, tarehe ya Desemba, ya Machi na ya Aprili. Andika pembeni jibu unalolitarajia kwa kila mmoja, ndipo uishushe fomula. Ukimaliza, ifute mistari hiyo ya majaribio. Na safu ya asili usiiguse hata siku moja. Majibu yakae kwenye safu mpya, kilo zibaki kama zilivyopimwa.

Jambo la mwisho linahusu kanuni zinazobadilika. Ni desturi nzuri kuitoa 20 ndani ya fomula na kuiweka kwenye seli yake, tuseme $H$1, ili kikundi kikiamua kwamba mzigo mkubwa sasa unaanzia kilo 25, ubadilishe mahali pamoja tu. Lakini ukiibadilisha hivyo, mistari ya miaka iliyopita nayo itajihesabu upya. Mtu aliyelipa ushuru wa mzigo mkubwa mwaka juzi kwa kilo 22 ataonekana alikuwa na mzigo wa kati, na hesabu za mweka hazina hazitalingana tena na risiti alizotoa. Kanuni ikiwa na tarehe ya kuanza, tarehe hiyo nayo iingie kwenye sharti:

=IF(C2>=IF(A2<DATE(2025,7,1),20,25),"mkubwa","si mkubwa")

Hapo mpaka wenyewe umekuwa jibu la sharti lingine: kabla ya Julai 2025 ni 20, kuanzia hapo ni 25, na kila mzigo unapimwa kwa kanuni iliyokuwepo siku uliposhushwa. Fomula hii nayo itanguliziwe ukaguzi wa seli tupu. Tarehe isipokuwepo, A2 ni sifuri, sifuri ni kabla ya 2025, na mzigo huo utapimwa kwa kanuni ya zamani bila mtu yeyote kuambiwa.